W Haikuwa ya Honi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kathini amekufa. Saa tisa mchana, wodi ya wanawake. Sukari. Mguu ulikuwa umeoza mpaka kwa goti, nzi walijua kabla ya daktari. Sitaandika ati amelala. Hajalala. Amekufa.

Miaka thelathini na moja nimeishi na huyo mama, mke wangu. Nesi amenipa vitu vyake kwa kiondo. Leso mbili, kitana, kandambili moja. Ile ingine ya nini — mguu haukuwa wa kuvaa.

Baba alikuwa mkubwa wa gengi ya reli. Kila jioni aliandika kwa kitabu: siku, tarehe, maili, kazi imefanywa. Mimi shule nilifika darasa la nne, lakini hiyo alinifundisha. Basi naandika. Kazi imefanywa leo: hakuna.

Mwaka jana Kathini alikuwa anapepeta muthokoi, mahindi ya kukoboa, hapo mlangoni, akasema, nikienda unilaze kando ya Wavinya wetu, usiwape watu wa Kwa Vonza. Nikamwambia awache ujinga.

Sasa ndiyo hiyo.

Jumanne, 11 Februari

Kota imejaa watu. Wamekuja na viti vya kanisa, na vitabu vya kuandika kamati. Kamati ya chakula, kamati ya gari, kamati ya maombi. Watu wananiuliza ataimbiwa wimbo gani. Kuna mmoja amekula sahani tatu na hata hajui Kathini alikuwa anakaa aje. Aliuliza, marehemu ni yule mwembamba? Nikatoka nje nikatema mate.

Nzisa peke yake amefanya kazi. Yeye na Kathini wameuza muthokoi pamoja hapa stesheni tangu treni za abiria. Ameosha sufuria zote.

Saa tano amefika Kaloki, kaka mkubwa wa Kathini, kutoka Kwa Vonza. Koti, kofia, simu mbili.

— Pole, shemeji. Tumekuja kumchukua dada yetu.

— Kumpeleka wapi?

— Nyumbani. Wewe utamzika wapi? Huna shamba. Kota ni ya reli. Hata choo unachoenda ni cha reli.

Watu wakacheka kidogo. Kwa matanga! Nikamwambia Kathini ako na mahali, kando ya mtoto wake. Kaloki akasema, basi nionyeshe hilo kaburi, nikiliona sitabishana.

Tukaenda. Si mbali.

Hapa Ngomano ni jangsheni. Laini kubwa inapita kwenda Mombasa, na laini ya mkonge inatoka hapo inaingia mashambani. Pale zinaachana kuna kipembe cha ardhi, kama katikati ya vidole viwili. Watu wa gengi walizikwa hapo, na watu wao. Kumi na mmoja. Mtu wa reli hakuwa na shamba, alikuwa na hapo. Alama ilikuwa kipande cha reli, futi nne, kimesimamishwa kwa udongo. Wengi waliandikiwa namba ya maili waliyofanyia kazi, kwa rangi nyeupe. Jina nani angesoma. Ya baba ilikuwa 208. Ya Wavinya nilipiga mwenyewe na patasi: W, na chini yake mikato minne. Alikuwa na miaka minne. 1999, malaria, tukingoja treni ya kwenda Makindu. Alifia kwa platform, kwa mapaja ya mama yake.

Tumefika. Hakuna kitu.

Hakuna hata reli moja. Miiba imesukumwa kando, udongo umesawazishwa. Nilikuwa hospitali na Kathini siku nane tu!

Kaloki ameangalia chini, ameangalia juu. Ati, shemeji, mimi naona mchanga.

Jumatano, 12 Februari

Nimemtafuta Mulwa. Ni foremani wa kazi yetu ya kung'oa laini ya mkonge. Hiyo laini imekufa miaka mingi, kontrakta anataka vyuma vyake. Mulwa ni kijana wa Kitui mjini, si wa hapa, reli ameijua mwaka huu. Nilikuwa nimeshika mtaimbo. Nilitaka kumpiga.

— Nani amekata reli za makaburi?

— Makaburi gani, mzee?

— Hapo kwa kipembe!

Akaweka chai chini. Akasema pole pole:

— Mzee, si ni wewe uliniambia? Mwezi wa kwanza. Nilikuuliza, hizi vyuma zimesimama ziko na namba, ni za nini. Ukasema zote kata, ni za maili, siku hizi ni kilomita.

Nikakumbuka. Ni kweli. Tulikuwa huko mbele kwa daraja, mkono wangu ulikuwa na kikombe, sikuangalia hata anaonyesha wapi. Kando ya laini kuna posti za maili na kwa kipembe kuna baba yangu. Zote ni reli, zote nyeupe, zote na namba. Sisi ndio tuliziandika hivyo kwa sababu hatukujua kuandika kitu kingine. Mgeni angejuaje?

Mdomo wangu. Mimi ndiye nimekata baba yangu, na mtoto.

Mulwa ametaka kulia. Nikamwambia asinililie, nina wa kutosha nyumbani wanalia na hawana machozi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeenda kwa ofisi ya mashamba ya reli. Ofisa kijana, kucha safi. Amefungua ramani kwa kompyuta, amenigeuzia nione.

— Unaona kaburi hapa, mzee?

— Ramani haizikwi. Watu ndio wanazikwa.

— Bila alama ni ardhi tupu. Na greda inasawazisha hapo tarehe ishirini na tano. Patajengwa yadi ya makontena.

Nikauliza, nikileta alama? Akasema, leta alama, niione na macho, nitaandika barua ya kusimamisha greda, na mama atazikwa. Aliongea kama mtu anamwahidi mtoto peremende. Alikuwa anaangalia simu.

Ukuta wao uko na picha ya treni ya moshi. Wanapenda treni sana kwa ukuta.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeamka na akili moja. Baba alipima kila kitu na slipa, zile za kulala chini ya reli. Mita hakuzitaka. Kutoka kwa ulimi wa pointi, pale reli zinaachana, hesabu slipa arobaini na sita kwa laini ya mkonge, simama, piga hatua kumi na mbili kuelekea laini kubwa. Hapo ndiyo Wavinya.

Lakini slipa hazipo. Nilizing'oa mimi, na mtaimbo huu.

Nimetoka na Nzisa asubuhi. Slipa zetu ni za chuma, zimelala hapo miaka mia. Ukizing'oa zinawacha shimo kwa kokoto, kama mahali mbuzi amelala. Nimehesabu mashimo. Nzisa anahesabu nyuma yangu na vidole. Kwa thelathini na moja ng'ombe wamekanyaga, hakuna shimo. Nimelala chini kwa tumbo nikapapasa mpaka nikapata ukingo wake. Mtu angepita angesema mzee ameenda wazimu. Na apite.

Arobaini na sita. Hatua kumi na mbili. Nimechimba na beleshi. Vidole viwili tu chini — chuma! Kisiki cha reli, kimekatwa na gesi, mkato umeenda mshazari na una jino upande mmoja kama mkate umemegwa.

Nzisa akasema, "Mwaitu, uko hapa," na akaketi chini. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Hivyo ndivyo alimwita Wavinya, kwa sababu mtoto tulimpa jina la mama ya Nzisa.

Kisiki peke yake hakitoshi. Ofisa atasema ni posti ya ua. Lakini kipande cha juu kikipatikana, jino litaingia kwa jino, na W iko hapo. Hapo atabisha nini?

Nimeenda kwa Abdille. Lori lake ndilo limebeba vyuma. Amefunga duka akakuja nje tukaongea.

— Mzee, zile zingine zimeenda. Zimeyeyuka saa hii, nisikudanganye. Lakini kamoja kafupi hakakwenda. Yule mama wa Nairobi alikaona kwa lori, akasema hako ni historia, wekeni chini.

— Yule wa maonyesho, pale stesheni?

— Huyo huyo. Wallahi nilimwambia ni chuma tu.

Jumamosi, 15 Februari

Stesheni wanaipaka rangi. Chumba cha tikiti wamefanya cha maonyesho. Yule mama anaitwa Kanyiva. Jina la hapa, Kikamba hajui hata salamu. Si mtu mbaya. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Amesikia nimezaliwa kwa kota, akafurahi, akaniwekea simu kwa mdomo. Ati, mzee, niambie umuhimu wa jangsheni hii.

Nikamwambia. Hapa treni ilikunywa maji. Treni ya mkonge ilingoja hapa mpaka ile ya Mombasa ipite, na dereva akigombana na dereva, stesheni masta aliamua. Kengele ilikuwa kipande cha reli kimeningʼinia: ikigongwa mara mbili treni inatoka Kiboko, mara tatu inatoka Makindu. Kathini na Nzisa walijua kupima muthokoi kwa hiyo kengele. Mara ya kwanza pakua, ya mwisho kimbia. Benchi ilikuwa reli. Nguzo ya mlango, reli. Kila kitu.

Akasema, na jina Ngomano ni kwa sababu reli mbili zinakutana hapa! Nikasema hapana, ni mito. Miwili, iko huko chini, imekauka. Jina lilikuwa hapa kabla mzungu hajaleta hata msumari. Akatingisha kichwa. Hakuandika.

Halafu nikaona.

Imesimama kwa kona, kwa boksi ya simiti mpya. Wameipaka rangi nyeusi, W wakaijaza nyekundu. Mikato minne, nyekundu. Mbele kuna karatasi kwa kioo. Nimesoma pole pole: NGUZO YA HONI. HERUFI W ILIMWAMBIA DEREVA APIGE HONI. MIKATO MINNE: APIGE MARA NNE.

Mara nne!

— Mama, hiyo si ya honi.

— Ni ya nini, mzee?

— Ni ya mtoto wangu. W ni Wavinya.

Akaweka mkono kwa kifua. Halafu akauliza kama nina picha ya zamani inaonyesha. Picha! 1999 nilikuwa na kamera wapi? Akasema pole sana, lakini wataalamu wameiangalia, W kwa reli dunia nzima ni honi, imeshaandikishwa kwa orodha, ufunguzi ni Ijumaa, wakubwa wanakuja. Baada ya hapo tutaongea.

Nimesema sawa. Kwa nini nimesema sawa?

Niandike na hii, kwa sababu hakuna mtu atasoma. Ni kweli W ni ya honi. Kizungu chao, whistle. Mimi sikujua nikipiga ile patasi. Wiki moja baada ya kumzika, treni ya mizigo ikapita, dereva akaona W kando ya laini, akapiga honi. Kathini alikuwa anaosha vyombo. Akasimama. Akaniuliza, kwa nini inalia hapo? Nikauliza stesheni masta, ndipo nikamweleza. Nikamwambia kesho nitaifuta. Akasema, wacha.

Kutoka hiyo siku kila treni ilimpigia. Miaka ishirini na tano. Madereva walibadilika, injini zilibadilika, W ilibaki, wakapiga. Kathini alikuwa anawacha kijiko, anangoja honi iishe, halafu anaendelea kuuza. Wateja wakadhani anaomba. Hatukumwambia mtu. Mkubwa wa reli angekuja kuitoa.

Basi huyo Kanyiva hajadanganya. Na amedanganya kabisa.

Jumapili, 16 Februari

Kanisa. Mchungaji amehubiri juu ya Kathini nusu saa. Amesema alikuwa mama wa maombi. Alikuwa mama wa matusi, kila mtu hapa anajua, na muthokoi wake haukuwa na mawe. Hiyo hakusema.

Jumanne, 18 Februari

Nimempeleka Kaloki stesheni mwenyewe. Nilidhani akiona W atanyamaza. Nimekuwa mjinga uzee huu wote.

Amevaa miwani. Amesoma ile karatasi kwa sauti, kila neno, mpaka mara nne. Halafu akacheka, si kicheko kibaya, ni kile cha mtu ameona mchezo umeisha.

— Shemeji. Imeandikwa. Kwa kioo. Ni ya honi.

— Wamekosea. Kisiki chake kiko kule, twende uone jino linaingia.

— Jino! Aiee. Unataka nimwambie mama, mzee wa miaka tisini, msichana wake tumemzika kwa yadi ya makontena, juu ya jino?

— Wavinya ako hapo.

— Siwezi kusema hayuko. Lakini greda ikija Jumanne wiki ijayo, utalala mbele yake? Na ikimfukua dada yangu siku tatu baada ya mazishi?

Ndiyo hiyo inanichukiza — kwamba ana kofia ya ujinga na ameongea kitu ya akili.

Nikaomba Kanyiva aniazime hiyo reli siku moja tu, nimwonyeshe ofisa, nirudishe. Akasema imeshashikana na simiti. Nikampigia ofisa aje aangalie hapa. Akasema amesikia iko kwa maonyesho ya honi, hongera.

Mazishi Jumamosi, Kwa Vonza. Kamati imeshaamua. Gari la Abdille.

Ijumaa, 21 Februari

Hema tano, utepe, soda. Watu wa suti hawajawahi kupanda hata behewa la mbuzi wameongea juu ya roho ya jangsheni. Mmoja amesema reli ilituunganisha. Mwingine akasema ilituunganisha sana. Wamepigwa picha na reli ya mtoto wangu. Wawili wawili, mkono juu yake kama ni bega la rafiki. Mama mmoja ameegemeza mkoba wake hapo.

Kanyiva alinivalisha tisheti ya Ngomano. Imenibana. Ati mzee wa reli aseme mawili.

Nimeshika maiki. Nikasema:

— Hiyo reli ni kaburi ya mtoto wangu. Wavinya. Nirudishiwe lini?

Nilidhani sasa, sasa wamesikia. Yule wa kuongoza sherehe akaninyang'anya maiki akapaza sauti:

— Mmesikia! Mzee anapenda hii reli kama mtoto wake! Kama wa kumzaa! Makofi ya kilo!

Wakapiga makofi ya kilo. Mara tatu.

Kaloki alikuwa nyuma, amesimama kwa jua. Hakupiga. Niandike hiyo pia. Aliangalia chini.

Nimevua tisheti nikafunga nyanya za Nzisa nayo.

Jumamosi, 22 Februari

Tumemzika Kwa Vonza. Saa saba. Jua kama upanga. Kaburi limewekwa tailsi, nyeupe na maua ya bluu, kama choo cha hoteli. Jina lake wameandika na rangi ya dhahabu, wamekosea mwaka wa kuzaliwa. Nimewaonyesha. Wakasema watarekebisha. Hawatarekebisha.

Mama yake Kathini amenishika mkono. Mkono wake unakaa kama mkono wa Kathini. Sikutegemea hiyo.

Waliniambia nirushe udongo. Nikarusha. Udongo ni mwekundu, mzuri wa kupanda. Huko hakuna reli, kitu gani kitampigia? Nimesimama nikingoja kusikia kitu. Mbuzi na jenereta ya spika.

Wakati wa chakula Kaloki alikuja kwa kiti changu na sahani. Akasema polepole, shemeji, yule mtoto ako hapo kweli? Nikasema arobaini na sita, hatua kumi na mbili. Akakaa. Akasema, ungeniambia hivyo siku ya kwanza. Nikasema nilikuambia. Akasema, uliniambia kama mtu anapigana.

Sikukula.

Kandambili yake sikuwapa wazike nayo. Waliuliza viatu viko wapi. Nikasema hakuna.

Jumapili, 23 Februari

Nimerudi asubuhi na lori la Abdille. Kota ni tupu. Viti vya kanisa vimeenda, wamewacha masufuria yao machafu na mfupa kwa kitanda changu. Kwa kitanda! Nimefagia. Nimemaliza sasa hivi.

Nimeenda kwa kipembe kuona kisiki. Kiko. Watu wa greda wameshapiga vigingi vya mbao kando yake, na kitambaa chekundu. Kesho kutwa wanaanza.

Mulwa amenikuta hapo. Hakunisalimia sana. Akasema kesho kazi iko stesheni yenyewe, tunakata posti za zamani za ishara kando ya platform. Mtungi wa gesi umeshateremshwa, uko nyuma ya chumba cha tikiti. Akachora mchanga na kiatu.

— Mzee, mimi kesho nitachelewa. Niko na mambo Makindu. Nitafika kama saa tatu.

— Kazi inaanza saa moja.

— Ndiyo. Wewe ndiwe mkubwa hapo mpaka nifike. Ukikata chuma cha kulia ama cha kushoto, mimi sijui. Hata namba sijui kusoma, si unajua mimi.

Akaenda haraka kama mwizi.

Saa tisa amekuja Nzisa. Kanyiva amerudi Nairobi jana, na Nzisa ndiye wamempa kazi ya kufagia maonyesho. Akafungua leso, akaweka ufunguo kwa meza, karibu na chumvi.

— Huu nimepoteza, akasema. Nimetafuta kanisani, sijauona.

— Watakufuta kazi.

— Ya wiki moja? Wanifute. Kathini angekuwa ameshavunja mlango na matusi juu.

Tumecheka. Ya kwanza tangu Jumatatu ile. Ilikuwa na sauti mbaya.

Halafu Nzisa akauliza, na simiti? Nikamwambia gesi inakata juu ya simiti. Itakuwa fupi kidogo, jino litabaki ndani ya simiti. Futi tatu na nusu, na W iko juu. Nikiisimamisha kwa kisiki na vipande viwili vya chuma na bolti nne, kama tunavyounga reli, greda haitaipita bila kusimama. Ofisa atakuja aone na macho yake, kama alivyosema. Ama polisi watakuja kwanza. Sijui.

Saa kumi treni ya mizigo imepita, ya kwenda Mombasa. Nilikuwa mlangoni. Nikangoja ifike kwa kipembe. Mabehewa mengi, nilihesabu mpaka nikapoteza. Ikapita yote.

Haikupiga honi.

Nimenoa patasi. Nimeweka spana na bolti kwa kiondo, juu ya kandambili. Saa moja asubuhi.

Kesho narudi kazini.